Kuangalia Nyumba ya Ng'ambo

Mjukuu wangu alikuja kuniambia habari za safari nikiwa nimekaa mlango wa nyuma, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi. Nilikuwa nimetoka kukata majani ya ng'ombe bondeni, na magoti yangu siku hizi yakishateremka hayataki kupanda. Akasimama mbele yangu, simu mkononi.

"Bibi, nimepata kazi nje."

"Nje wapi? Nje ya uzio?"

"Nje ya nchi, Bibi. Uarabuni. Kumtunza mama mmoja mzee."

Nikamwambia hata hapa yupo mama mmoja mzee. Akacheka, akachuchumaa, akaanza kunisugua miguu. Hapo nikajua mambo yameshafika mbali, maana mtoto wa siku hizi hakusugui miguu bure.

Watu wa jumuiya yetu ya kanisa wameshachoka kunisikia nikimsifu huyu mtoto, na sitaacha. Ana akili kuliko ukoo mzima ukiuweka kwenye gunia moja. Alisomea kuhudumia wagonjwa, akafaulu, kisha akakaa nyumbani miaka miwili akipeleka barua za maombi. Barua zinakwenda, majibu hayaji. Akawa anachuma kahawa na mimi hapa Uru, mlimani juu ya Moshi, na vidole vile vilivyofundishwa kutafuta mshipa wa damu vikawa vinaparua matawi. Nilikuwa namwangalia nachoka mimi kwa niaba yake.

Jioni ile mama yake, ambaye ni binti yangu na anaishi na mimi, alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Mama, mimi sina kauli," akasema. "Ukisema aende, ataenda. Ukisema asiende, atakaa. Ila safari hii angalia vizuri."

Safari hii. Hilo lilitosha.

Inabidi nieleze. Huku mlimani binti haendi kuolewa wala kukaa kwenye nyumba ya watu mpaka kwanza mtu wa kwao ameiangalia nyumba hiyo. Zamani walichagua mwanamke mtu mzima, mwenye macho na asiye na mdomo mrefu. Hasemi amekuja kuchunguza. Anasema amekuja kuomba mbegu ya maharage, au anapita kwenda sokoni, kiu imemshika. Anapewa kigoda, anapewa maji, anakaa. Huku anakunywa, anaangalia. Mbwa wa nyumba hiyo akisikia sauti ya baba anatingisha mkia au anakimbilia chini ya ghala? Watoto wanasogea au wanatawanyika? Kuni kazileta nani, na mgongo wake ukoje? Kisha anapita kwa majirani kuuliza ugonjwa wa kuanguka, wizi, uchawi, pombe. Akirudi anatoa neno moja tu, naye binti anakwenda au anabaki kwa neno hilo.

Mimi nilikuwa natumwa sana. Nimeangalia nyumba za hapa Uru, za Kibosho, hata za chini kule tambarare. Nilikuwa najisifu kwamba sijawahi kukosea.

Desturi inasema mama mzazi haendi kuangalia nyumba ya mwanawe mwenyewe. Anatumwa mwingine, maana macho ya mama yanataka sana. Ilipofika zamu ya binti yangu, nikasema ni nani hapa kijijini ana macho kunizidi? Nikaenda mwenyewe. Nadhani walishapewa habari, maana nilikuta mtori wa ndizi na nyama unafuka moshi na kiti chenye mto. Mama wa nyumba alinishika mikono yote miwili kana kwamba tumezaliwa tumbo moja. Ng'ombe walikuwa wanang'aa manyoya. Sakafu ya saruji. Nilikula nikashiba, nikafungashiwa kapu.

Wakati natoka, nyuma ya nyumba nikamkuta mke wa kaka mkubwa wa bwana harusi anakatakata mgomba wa ng'ombe kwa panga. Akainua kichwa. Akaniambia, "Mama, mbona unaondoka mapema?" Nikamjibu jua linazama. Akaendelea kuniangalia. Nililiona lile jicho, siwezi kusema sikuliona. Lakini kapu lilikuwa zito na tumbo limejaa, nikashika njia.

Binti yangu alikaa kule miaka sita. Alirudi na mtoto mgongoni, na mkono wa kushoto ambao mpaka leo haunyooki. Mtoto mwenyewe ndiye huyu. Binti yangu hajawahi kunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningepumzika.

Basi nikaanza kuiangalia nyumba ya ng'ambo, nami nyumba yenyewe siwezi kuifikia kwa miguu nikaomba maji.

Kwanza niliuliza watu, na hilo lilikuwa kosa. Kwenye jumuiya kila mmoja alikuwa na habari zake. Mmoja alisema kule joto linaua, mtu anaiva akiwa amesimama. Mwingine akasema ndege za vita. Wa tatu, ambaye hajawahi kuvuka hata Holili kwenda Kenya, akasema wanakulaza usingizi unaamka huna figo.

"Wewe figo za kule umeziona wapi?" nikamuuliza.

"Nimesikia."

"Umesikia kwa nani?"

"Jamani, si kila mtu anasema?"

Na yupo mwingine aliyesema shemeji yake alikwenda akarudi mnene, mwenye hereni za dhahabu, amejenga. Nikarudi nyumbani kichwa kinavuma kama mashine ya kusaga.

Nikageukia redio. Kila taarifa ya habari ilipofika nilinyamazisha watu wote, nikasubiri waitaje nchi ile. Wiki mbili nzima waliitaja mara moja, habari ya mpira. Mjukuu wangu akasema, "Unaona, Bibi? Kuna amani." Nikamwambia redio ikisema Moshi ni shwari inasema kweli, na mama yako alivunjwa mkono Moshi ikiwa shwari.

Akaizima ile redio. Sikufurahi kumwambia hivyo. Lakini hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa naangalia kitu kikubwa mno. Nchi nzima utaiangalia na macho gani? Yeye atalala kwenye chumba kimoja.

Siku ya tatu baada ya maneno hayo tukashuka mjini kwa wakala wa ile kazi. Ofisi iko ghorofani juu ya duka la vitambaa, na kila ngazi ya ile ghorofa niliitukana kimoyomoyo. Wakala alikuwa dada mwenye kucha ndefu na adabu nzuri. Alinipa shikamoo akiwa amesimama, akanivutia kiti, akamimina maji. Nikajiambia, haya, tumeanza na maji.

"Bibi, usiwe na wasiwasi kabisa," akasema. "Nchi ile ni salama kuliko hapa. Mtu anaacha gari wazi na hakuna anayeligusa."

"Mjukuu wangu hana gari. Ufunguo wa nyumba anashika nani?"

"Nyumba ipi?"

"Atakayolala."

"Mwajiri, bibi."

"Na yeye?"

Akafungua faili. Lilikuwa na karatasi nyingi, na mjukuu wangu akanisomea moja moja. Hana kifua kikuu. Hana mimba. Macho mazima. Amechanjwa. Tabia njema, amesaini mwenyekiti wa kijiji. Nikasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hao wenye nyumba," nikauliza, "wao wamepimwa na nani?"

Yule dada akacheka akidhani namtania. Alipoona sicheki akaacha.

"Aliyefanya kazi hapo kabla yake yuko wapi?"

"Alimaliza mkataba."

"Sikuulizi mkataba. Yuko wapi?"

"Bibi jamani, mimi nina mafaili mengi." Akajikuna shingoni na ule ukucha. Sitaki kumsema vibaya, hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa makaratasi. Mwisho akasema, "Naweza kuwaomba wapige simu ya video. Mwonane uso kwa uso. Sijawahi kuombwa hivyo na familia, lakini nitajaribu."

Nikamwambia ajaribu.

Mjukuu wangu alikuwa amesikia habari za mama mmoja anayeshona mapazia Njoro, hapo hapo mjini, aliyefanya kazi nchi ileile. Nikamtwisha mkungu wa ndizi mshare tukaenda. Yule mama, mtu mfupi, mchangamfu, tepe ya kupimia shingoni, alipouona ule mkungu akapiga makofi.

"Mshare! Bibi, umeniua. Kule nilikuwa naziota hizi. Ndugu zangu sikuwaota hata siku moja, ndizi kila usiku."

"Ndugu zako wasisikie."

"Wanajua. Nimewaambia."

Akatukalisha kati ya mapazia, akaendelea kushona huku anaongea. Alifanya kazi kwenye nyumba mbili. Ya kwanza walichukua pasi yake ya kusafiria siku aliyofika, wakaifungia kabatini pamoja na simu. Wakisafiri walimfungia ndani. Mara moja walikwenda sikukuu siku tatu, akakaa anakula tende na maji ya bomba, akiongea na friji ili asisahau sauti yake. Alitoka kwa sababu jirani alimsikia akiimba.

Nyumba ya pili, mama wa nyumba alimfundisha kuoka mkate, na Ijumaa alitoka na wenzake kwenda kununua vitu na kupiga soga. Baba yake alipofariki huku Moshi, walimpa ruhusa aje kuzika, na alipochelewa kurudi walimpigia kuuliza kama amekula.

"Nyumba hizo ziko mbalimbali?" nikauliza.

"Mtaa mmoja, bibi. Ukisimama kwenye paa la kwanza unaona kamba ya nguo ya pili."

Cherehani ikaendelea. Kisha akaisimamisha kwa kiganja, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Mwenye nyumba atakujibu vizuri kila utakachouliza. Hata yule wangu wa kwanza angekujibu vizuri, ana sauti kama ya sista. Wewe tafuta anayefagia. Yupo tu. Nyumba zile hazikosi mtu anayefagia."

Akasema Kiarabu bado kiko mdomoni, simu ikija atatafsiri.

Simu ikaja Jumapili baada ya misa. Tuliiegemeza kwenye cherehani kule Njoro. Mimi na yule mama tulikaa mbele, mjukuu wangu akakaa pembeni nyuma ya pazia la mteja, maana sikutaka waanze kumwangalia yeye kabla mimi sijawaangalia wao.

Akatokea bibi mwenzangu. Amevaa nguo nyeusi, ameegemea mito, vidole vimepakwa hina. Binti yake mtu mzima ndiye aliyekuwa ameshika simu, tunamsikia tu pembeni. Tukasalimiana muda mrefu, nikafurahi, sipendi watu wanaokatisha salamu. Akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Mtafsiri wangu akamwambia magoti yananisumbua. Yule bibi akaguna, akapandisha nguo kidogo, akanionyesha la kwake limevimba kama fenesi. Nami nikapandisha kitenge nikamwonyesha langu. Tukacheka wote wawili, bibi wa Uru na bibi wa jangwani, tunaonyeshana magoti kwenye simu.

Akauliza tunalima nini. Nikasema kahawa na migomba. Akapaza sauti kwa furaha, akaamuru aletewe birika lake dogo lenye mdomo mrefu, akaniinulia nilione. Akasema mjukuu wako akija aniletee kahawa ya shambani kwako, nitakunywa nikikukumbuka.

Sitasema uongo hapa. Nilimpenda. Moyoni nilishaanza kuchagua gunia lipi, na punje zipi zilizokauka vizuri. Neno "aende" lilikuwa limekaa kwenye ulimi, linangoja tu wa kuuliza.

Nyuma ya yule bibi mlango ulikuwa wazi. Mtu akapita na ndoo. Akapita tena bila ndoo. Mama wa Njoro akanigusa na goti lake chini ya meza.

"Yule ni nani?" nikauliza.

Binti mwenye simu akajibu, na mtafsiri akasema, "Msichana wa kazi, wa muda tu. Anasema anatoka Kenya, anaondoka wako akifika."

"Nataka kumsalimia."

"Anasema ana kazi."

"Mwambie bibi, kwetu mgeni haagi nyumba bila kumsalimia kila mtu aliyemo. Akiacha mmoja ni kama hakufika."

Yule bibi aliposikia hivyo akatikisa kichwa akikubali sana, na ni yeye mwenyewe aliyemwita. Binti yake akasema jambo, bibi akamnyamazisha kwa mkono. Msichana akaja akifuta mikono kwenye gauni. Uso ukajaa kwenye simu. Mdogo. Pengine mdogo kuliko wa kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

Mdomo ulikuwa umesema sijambo. Jicho lilikuwa lile la mke wa kaka mkubwa, aliyeshika panga. Baada ya miaka yote hii nikalikuta tena, tena ndani ya kioo kidogo kama kiganja.

Nikang'amua kwamba kwenye chumba kile hakuna anayejua Kiswahili isipokuwa yeye. Mama wa Njoro naye alishang'amua, akainama kama anatafuta uzi sakafuni. Nikavuta tabasamu, nikashika sauti ileile ya salamu, ile ya kuuliza watoto na mifugo.

"Chumba chako kinafungwa upande gani?"

Naye akatabasamu. Mtoto mwerevu. "Upande wa nje, mama. Kuna komeo. Wakitoka wananifungia."

"Simu unayo?"

"Walichukua. Pasi pia. Huyu bibi hana shida, mama, ananipenda. Hana nguvu tu humu ndani."

"Pole, mwanangu."

"Asante, mama. Mwambie huyo anayekuja—"

Mkono ukapita mbele ya uso wake, simu ikageuzwa. Tukaona dari, tukaona taa, tukamwona yule bibi tena kwenye mito yake. Binti akauliza mlikuwa mnasema nini. Mama wa Njoro akainua kichwa na uzi mkononi, akajibu bila kupepesa. Baadaye alituambia, "Nimemwambia mmeulizana habari za mvua za Kenya."

Yule bibi akanipungia mkono. Na mimi nikampungia. Sikujua nimfanyie nini kingine.

Simu ikazimika. Mjukuu wangu akatoka nyuma ya pazia, amelikunja lile pazia la watu mkononi mpaka limejaa mikunjo.

"Bibi, ulikuwa karibu kusema ndiyo."

"Nilishasema. Bado kutoa sauti."

"Ulimpenda."

"Bado nampenda. Hungekwenda kukaa na goti lake, ungekwenda kukaa na binti yake."

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Nyumba ile ndiyo basi."

"Bibi, kazi yenyewe ndiyo hiyo! Hakuna nyingine!" Akalia pale katikati ya mapazia ya watu, akasema ana umri gani na bado anachuma kahawa ya bibi yake, akasema wenzake wako Dar, wako Dodoma, wana maisha, yeye ana ndoo. Yote yalikuwa kweli. Mama wa Njoro akampa kipande cha kitambaa afute pua.

Wiki nzima alinisalimia kwa adabu tu. Shikamoo, marahaba, basi. Masufuria ndiyo yaliyokuwa yanaongea.

Habari ya yule msichana wa Kenya ilinikalia shingoni. Nilipanda tena zile ngazi za wakala, nikamweleza. Akasikiliza ameshika kalamu. "Huyo siye wetu, bibi. Hatukumpeleka sisi."

"Najua si wenu. Sasa ni wa nani?"

Akaandika jambo kwenye faili. Aliniambia ameiondoa nyumba ile kwenye orodha yake, nami sina namna ya kujua. Mama wa Njoro yuko na wanawake wenzake kwenye kundi la simu, waliowahi kufanya kazi kule na walioko bado. Walitoa taarifa kwa wenzao Wakenya, na hao wakapeleka kwenye ubalozi wao. Mpaka leo nikimwuliza ananijibu, "Bado, bibi." Sijui jina la yule mtoto. Kwenye ile salamu hatukufika kwenye majina.

Baada ya miezi miwili wakala akapiga simu. Nyumba nyingine, mama mgonjwa wa kitandani, mtaa mwingine. Mjukuu wangu akaja kunikuta jikoni.

"Safari hii nauliza mimi," akasema. "Wewe utakaa pembeni, usiseme neno."

"Kwa nini nisiseme?"

"Bibi, wewe ukikaribishwa vizuri unayeyuka."

Mama yake akacheka mpaka akaweka kisu chini. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka vile, nikakubali kutukanwa.

Tukaenda Njoro tena. Nilikaa nyuma ya pazia mimi. Upande wa pili alikuwa mwanamume, mtoto wa yule mama mgonjwa. Hakuuliza hali. Hakuuliza mvua. Alisema kazi ni hii na hii, saa hizi na hizi. Mama yake alikuwa amelala, macho dari, hasemi. Mjukuu wangu akauliza moja moja bila kupamba: pasi nitakaa nayo mimi? Simu? Siku ya kupumzika? Chumba kiko wapi, ufunguo nani anao? Yule bwana akajibu kila swali kama anayekata kuni. Ndiyo. Ndiyo. Ijumaa. Ufunguo anao anayelala humo. Kisha mjukuu wangu akasema anataka kuongea na anayemaliza mkataba, peke yake, mlango umefungwa. Mimi nisingethubutu kuomba hivyo. Ningeona nimewavunjia heshima.

Yule bwana akainua mabega, akampa mtu simu, akaondoka.

Aliyeshika simu alikuwa dada wa Tanga. Akaingia chumbani kwake, akafunga, akatuonyesha ufunguo kiganjani. Akatuonyesha kitanda, dirisha, pasi yake iko chini ya nguo sandukuni. Waliongea saa nzima. Alisema kazi ni ngumu, mama mgonjwa ni mzito kumgeuza, usiku anaamka mara tatu. Alisema yule bwana hana maneno, anaweza kumaliza wiki hajakuambia hata asante, na upweke ni mkubwa, wa kwanza atakaoshindana nao ni huo. Alisema hajawahi kupigwa, hajawahi kufungiwa. Mjukuu wangu akamwuliza, "Ningekuwa mdogo wako ungeniambia nije?" Dada wa Tanga akasema, "Ningekuambia uje na simu mbili."

Tukapanda kurudi mlimani. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao haumo kwenye magoti.

Binti yangu alikuwa anakoroga kiburu kwenye sufuria kubwa, ndizi na maharage, kwa mkono wake wa kulia, wa kushoto umekunjwa kifuani kama kawaida. Mjukuu wangu akapita moja kwa moja chumbani. Nikakaa kwenye benchi la jikoni, nikavua viatu.

"Haya, mama. Umeonaje?"

"Watu wakavu. Hawana hata salamu. Sikuwapenda."

Akasimamisha mwiko. "Kwa hiyo asiende."

"Aende."

Moshi ukamwingia machoni, akaukimbiza kwa kiganja. Alinitazama muda mrefu, na mimi nikamwacha anitazame.

"Una hakika, mama?"

"Sina."

Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akaja kukaa karibu yangu kwenye benchi. Kutoka chumbani tulimsikia mtoto anaburuta begi kulitoa uvunguni mwa kitanda.